Wanasiasa wa kaunti yako wamezikwa wapi? Mwongozo kamili wa kuandaa rejista ya makaburi yao

Anayeanza kazi hii kwa kushika njia ya makaburi ya umma ya Lang'ata, Nairobi, daftari mkononi, atarudi jioni na majina machache mno. Kenya si nchi ambayo wanasiasa wake wamelala makaburini. Wengi wako nyumbani: kando ya nyumba, chini ya mwembe, nyuma ya boma. Tom Mboya aliwakilisha Nairobi, akapigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko kisiwani Rusinga. Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, amezikwa Murang'a. Ukitaka kuwapata wanasiasa wa Nairobi, andaa nauli ya kwenda mashambani.

Kwa hiyo mwelekeo wa kazi ni huu: mtu kwanza, kisha tarehe ya kifo, kisha mahali, na kaburi lenyewe mwisho. Anayegeuza mpangilio huo hupoteza siku nzima akipita katikati ya misalaba bila kujua anamtafuta nani.

Amua nani anaingia, na kwa kaunti ipi

Tangu 2013 hesabu ni rahisi: gavana na naibu wake, seneta, mbunge, Mwakilishi wa Kike na Mwakilishi Wadi. Kabla ya hapo kuna tabaka tatu ambazo watu husahau. Kuna madiwani, mameya na wenyeviti wa mabaraza ya mji na wilaya, mabaraza yaliyoondoka ugatuzi ulipoanza. Kuna maseneta wa kwanza, wa 1963 hadi 1966, ambao huachwa nje kwa sababu wengi hudhani Seneti ni kitu cha katiba ya 2010. Na kuna wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, lililoanza 1907, ambamo Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Waliowania viti wakashindwa wawekee orodha ya pili. Ukiwachanganya na waliochaguliwa, rejista haina mwisho; ukiwatupa kabisa unapoteza watu wazito kama Wambui Otieno, aliyewania ubunge mara kadhaa na ambaye kaburi lake liko Upper Matasia, Ngong.

Sasa sehemu inayovuruga rejista nyingi. Kila mtu ana kaunti tatu: aliyoitumikia, aliyofia, na aliyozikwa. Zipe safu tatu tofauti kwenye jedwali, hata kama zote zinafanana. J.M. Kariuki alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mwili wake ukapatikana Ngong mwaka 1975, na amezikwa Gilgil, ambayo ni Nakuru. Jomo Kenyatta alikuwa mbunge wa Gatundu huko Kiambu, akafia Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa kwenye viwanja vya Bunge jijini Nairobi. Safu moja iliyoandikwa "kaunti" ingedanganya kuhusu wote wawili.

Ongeza safu ya nne kwa jina la zamani la eneo. Mazishi ya Mboya yalifanyika katika wilaya ya Nyanza Kusini. Leo mahali pale pale ni Kaunti ya Homa Bay. Anayesoma gazeti la 1969 akitafuta "Homa Bay" huenda asipate kitu.

Pata tarehe ya kifo kabla ya kitu kingine chochote

Sababu ni ya kiofisi tu. Daftari la makaburi ya umma hujazwa siku kwa siku, kadiri miili inavyoingia, wala halipangwi kwa alfabeti. Ukifika dirishani na jina peke yake, karani atakuambia rudi kesho, na kesho nayo atakuambia hivyo hivyo. Ukifika na tarehe, anafungua ukurasa.

Njia za kuipata tarehe, kwa mpangilio tunaouamini:

1. *Kiti kilichobaki wazi.* Mbunge au seneta akifa akiwa madarakani, Katiba (Kifungu cha 101) inamtaka Spika aiarifu tume ya uchaguzi ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. Ilani hizo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukijua siku ya uchaguzi mdogo, rudi nyuma miezi mitatu, kwa kawaida tarehe iko humo.

2. *Hansadi,* yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Rambirambi za wabunge hutolewa kikao cha kwanza baada ya kifo. Kwa Wawakilishi Wadi, tafuta Hansadi ya bunge la kaunti, si ya Bunge la Taifa.

3. *Ilani za mirathi katika Gazeti Rasmi.* Hizi hutaja jina kamili la marehemu, makazi yake ya mwisho na siku aliyofariki. Haziwezi kukuambia alikozikwa. Watu wengi husoma "wa Karen, Nairobi" wakaandika kwamba kaburi liko Karen. Hapo ni alipokuwa akiishi, basi.

4. *Kumbukumbu za vikao vya mabaraza,* kwa madiwani wa zamani. Kinachopatikana kiko ama kwa kaunti iliyorithi baraza, ama katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Diwani aliyefia madarakani huombolezwa kwa azimio lenye tarehe. Aliyestaafu akafa miaka ishirini baadaye hana chochote humo, na ndiye atakayekusumbua kuliko wote.

Angalia wanaofanana. Nyeri ilipoteza magavana wawili mwaka mmoja: Nderitu Gachagua tarehe 24 Februari 2017 na Wahome Gakuru tarehe 7 Novemba 2017. Ukitafuta "mazishi ya gavana wa Nyeri 2017" bila mwezi, utachanganya picha, vijiji na hotuba za watu wawili.

Kutoka tarehe hadi mahali

Fungua kurasa za matangazo ya vifo za magazeti. Tangazo la Kikristo hufuata muundo usiobadilika: jina, alikuwa mtoto wa nani na mume au mke wa nani, mikutano ya matayarisho inafanyika wapi, mwili utatoka makafani gani saa ngapi, ibada kanisa gani, na mwishoni mazishi "nyumbani kwake" kijiji fulani. Sentensi ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Inakili neno kwa neno: kijiji, lokesheni ndogo, lokesheni, wilaya. Usiifupishe kuwa "Kandara" kwa sababu Kandara ni kubwa.

Soma magazeti ya siku ngapi baada ya kifo? Kwa Wakristo, wiki tatu zatosha mara nyingi. Kenyatta alizikwa siku ya tisa. Kibaki, aliyefariki 21 Aprili 2022, alizikwa Othaya tarehe 30. Kukiwa na kesi, sahau hesabu hiyo. Wakili S.M. Otieno, mume wa Wambui, alifariki 20 Desemba 1986 na hakuzikwa hadi 23 Mei 1987, huko Nyalgunga, Siaya, baada ya mahakama kuamua kati ya mjane na ukoo. Kwa Waislamu, mambo ni kinyume: maziko huwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, kwa hiyo gazeti hutangaza mtu akiwa tayari kaburini, na neno la kutafuta ni "alizikwa" wala si "atazikwa".

Kwa wanasiasa wanawake, tafuta kwa upande wa ndoa pia. Joyce Laboso alikuwa gavana wa Bomet alipofariki Julai 2019, naye alizikwa nyumbani kwa mumewe, Fort Ternan, Kaunti ya Kisumu. Anayepekua Bomet nzima hatampata. Jina la kisiasa likiwa la baba na kaburi likiwa kwa mume, weka majina yote mawili kwenye safu ya utafutaji.

Kijitabu cha mazishi, kile kinachogawiwa kanisani chenye picha na wasifu, ni chanzo kizuri kwa tarehe ya kuzaliwa, majina ya ubatizo na orodha ya nyadhifa. Kwa mahali pa kaburi kina udhaifu mmoja: kilichapishwa kabla ya mazishi. Mipango ikibadilika usiku wa mwisho, na hubadilika, kijitabu hakibadiliki.

Walioko makaburi ya umma ni akina nani basi?

Ni wale ambao hawakuwa na "nyumbani" kwingine: Wagoa, Wahindi Wakristo, Wazungu wa mjini, Waislamu wa mijini, na Waafrika wachache waliochagua wenyewe. Nairobi, mfano bora ni makaburi ya City Park. Pio Gama Pinto, mbunge mwenye asili ya Goa, India, aliyeuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, amezikwa hapo. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alitaka alazwe karibu na rafiki yake Pinto. Alipofariki 1990 alizikwa City Park, na kaburi lake na la mkewe Sheila sasa liko katika bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za mawe. Kaburi la Pinto na la Murumbi yako karibu, ila si uwanja mmoja: usimtafute Murumbi kati ya misalaba ya Wagoa.

Lang'ata inahitaji swali moja la mapema: kaburi ni la kudumu au la muda? La muda linaweza kutumiwa tena. Ikiwa daftari linaonyesha kaburi la muda, andika namba na tarehe, na usiahidi mtu yeyote kwamba alama itakuwepo.

Usisahau waliochomwa. Wangari Maathai, mbunge wa Tetu, alichomwa Kariokor tarehe 8 Oktoba 2011, na majivu yake yakawekwa kwenye taasisi yenye jina lake, Upper Kabete. Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata Aprili 2018. Kwao safu ya "kaburi" igawanywe: mahali pa kuchomwa, na mahali majivu yalipo. Ukijaza moja kwa kutumia nyingine, msomaji atakwenda kuweka maua kwenye tanuri.

Kaburi la Kenyatta liko chini ya ulinzi wa kijeshi na halifunguliwi kwa anayepita. Kibali kiombwe kwa maandishi, na kamera isitolewe bila hicho kibali.

Kufika kwenye kaburi la nyumbani

Anza kwa chifu au naibu wake, kisha mzee wa kijiji, kisha familia. Mpangilio huu unaonekana wa kuchelewesha, lakini kuna jambo zito chini yake: katika sehemu nyingi za Kenya kaburi ni ushahidi wa ardhi. Mahali baba alipolala huonyesha shamba ni la nani, na mgeni anayepiga picha na kuchukua vipimo hufanana sana na mtu aliyetumwa na wakili wa upande wa pili. Sema mapema unachofanya, onyesha rejista yenyewe iliyochapishwa, uliza ni nani msemaji wa familia. Ukiambiwa kuna kesi, andika "hakukufikiwa" na uondoke. Usiombe nyumba moja ikuonyeshe kaburi nyumba nyingine ikiwa imekataa.

Uliza mambo manne tu: jina lililoandikwa ni kamili? Kaburi limewahi kujengwa upya? Nani mwingine yuko kwenye safu hiyo? Picha itolewe hadharani au ibaki kwenye faili? Swali la pili lina faida kubwa. Kaburi la saruji la miaka ya sabini likivishwa vigae miaka thelathini baadaye, maandishi mapya hunakiliwa kutoka kumbukumbu ya mtu, na hapo ndipo 1971 hugeuka 1977.

Makaburi ya Waislamu, hasa Pwani

Mengi hayana jina, na hilo si uzembe. Wapo wanaoona kaburi lisijengwe wala lisiandikwe. Utakuta tuta, jiwe la kichwani, pengine na la miguuni. Hapo ushahidi wako ni mtu: msimamizi wa makaburi, imamu, au jamaa anayekuja kuzuru. Chukua mashahidi wawili, kila mmoja peke yake, waonyeshe kaburi bila kusikilizana.

Kwa Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kamili. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi hulala mashariki-magharibi na kichwa kiko mashariki. Ukiona jiwe moja tu lenye maandishi upande wa magharibi wa tuta, yamkini ni la jirani.

Mwaka wa Hijria ukiandikwa peke yake, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1425 hutoa 2004. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja, basi ilinganishe na gazeti. Na siku ya Kiislamu huanza jua linapotua: aliyefariki Alhamisi saa tatu usiku atasemwa amekufa usiku wa Ijumaa. Tofauti ya siku moja kati ya jiwe na gazeti mara nyingi ni hiyo tu.

Kusoma na kupiga picha

Herufi zilizochongwa huonekana kwa kivuli, si kwa mwanga. Kaburi la Kenya mara nyingi ni bamba lililolala, kwa hiyo nenda kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua likipita juu ya herufi kwa mshazari. Jiwe lililosimama ni kinyume: jua la mchana liko karibu utosini na hushuka juu ya uso wa jiwe, likazitoa herufi vizuri. Lakini lazima liwe upande wa jua. Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini. Kama hakuna jua, kipande cha kadibodi kilichofunikwa karatasi ya fedha ya jikoni, kikishikwa ubavuni mwa jiwe, kinatosha kabisa.

Piga picha nne, zisipungue: kaburi na mazingira yake hadi alama isiyohama (lango, mti mkubwa, nyumba), kaburi zima, maandishi yakitazamwa moja kwa moja, na tarehe peke yake kwa karibu. Vigae na marumaru nyeusi huakisi sura yako na mawingu. Simama kando kidogo na mwenzako ashike mwavuli mweusi nyuma yako.

Vumbi litolewe kwa maji na burashi laini. Usitumie chaki, povu la kunyolea, dawa ya kung'arisha wala burashi ya waya. Terazo hufa kwa asidi, na herufi za rangi kwenye msalaba wa bati hutoka kwa kuguswa tu. Bamba la shaba likikosekana na kubaki matundu manne ya skrubu, lipige picha hivyo hivyo. Limekwenda kwa wauza vyuma chakavu, na nafasi ya matundu hayo huweza kulinganishwa na picha ya zamani.

Nakili maandishi yalivyo, na makosa yake. "Mohamed", "Mohammed" na "Muhammad" ni watu watatu kwa kompyuta. Safu moja iwe ya jina la jiwe, nyingine ya jina la Gazeti Rasmi. Na jiwe likisema 1912 tu, andika 1912. Usijaze 1 Januari ili jedwali lipendeze.

Vipimo vya mahali

Tumia nyuzi za desimali zenye tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni takriban mita moja. Simu yako haina usahihi huo, hasa chini ya miti, lakini tarakimu tatu pekee hukuweka ndani ya mita mia moja, na makaburini mita mia moja ni watu mia kadhaa. Subiri dakika moja hadi mbili namba zitulie, soma mara tatu, chukua ya katikati.

Kosa baya zaidi ni alama ya kutoa. Nairobi iko kusini mwa ikweta, karibu −1.29. Ukiacha ile alama, kaburi linaruka zaidi ya kilomita 280 kaskazini na kutua Samburu, kupita Maralal. Hilo utaligundua. Hatari iko Siaya: mji wa Siaya uko kaskazini kidogo ya ikweta na Bondo kusini kidogo. Kaburi la Bondo lisilo na alama ya kutoa litasogea kilomita ishirini hivi, libaki ndani ya kaunti ile ile, na hakuna atakayeshtuka. Kwa kaunti zinazopitiwa na ikweta, kila nukta iangaliwe kwenye ramani na mtu wa pili.

Kwenye toleo la umma, makaburi ya nyumbani yapewe tarakimu mbili tu, yaani kijiji, si mlango wa mtu. Namba kamili zibaki kwenye nakala ya ndani.

Uzito wa ushahidi

Kila kaburi lipewe herufi. A: jiwe limeonekana na kupigwa picha. B: daftari la makaburi. C: taarifa ya gazeti baada ya mazishi. D: tangazo au kijitabu cha kabla ya mazishi. E: maneno ya mtu mmoja. Ingizo la E halifutwi, linasubiri. Kaburi la Mwislamu lisilo na jina lililoonyeshwa na mashahidi wawili waliotenganishwa tunalipa C.

Kisha kuna wasio na kaburi. Kung'u Karumba, mmoja wa wale sita wa Kapenguria (Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa wakati wa ukoloni), alitoweka Uganda mwaka 1974. Yeye anaingia kwenye rejista kama wengine wote, na safu ya kaburi inaandikwa "hakuna", si kuachwa tupu. Nafasi tupu humwambia msomaji kwamba hatujafika bado.